Kero Tano za Excel kwa Makarani wa Mulago

Kilima cha Mulago, Kampala, kimebeba hospitali kuu ya rufaa ya Uganda, taasisi ya saratani, na makarani wa takwimu wenye mafaili ya Excel yasiyokwisha. Tuhesabu kurudi nyuma, tuanze na kero nyepesi.

5. Sifuri mtoro. Andika nambari ya simu, bonyeza Enter, sifuri ya mbele imekwenda zake! Fanya safu nzima iwe ya maandishi kabla hujaanza, vinginevyo utazirudishia sifuri moja moja.

4. Tarehe. 3/4 kwa Mganda ni Aprili tatu. Kwa kompyuta yenye mipangilio ya Kimarekani ni Machi nne. Ukiandika 13/4, mwezi wa 13 haupo, basi inabaki maandishi tu na fomula ya umri inajibu #VALUE!. Mgonjwa yuko kitandani, Excel inasema hana umri.

3. Nakato yupi? Buganda mapacha wa kike huitwa Babirye na Nakato, wa kiume Wasswa na Kato, kwa hiyo akina Nakato ni wengi. Iulize fomula ya VLOOKUP habari za Nakato: inakuletea wa kwanza iliyemkuta, imemaliza kazi. Hata askari wa getini angeuliza, "Nakato wa wapi?" Halafu kuna Wasswa na Waswa, mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili, ambaye fomula inaapa ni watu wawili. Tafuteni kwa namba ya mgonjwa, jamani, jina liacheni.

2. Orodha zinazofuatana. Umechagua Kawempe kwenye orodha ya kwanza, ukapata mtaa wake wa Mulago II kwenye ya pili. Rudi ubadilishe Kawempe iwe Makindye: Mulago II inabaki palepale. Mtaa mzima umehama bila lori!

1. Kubandika. Hii ndiyo mama yao. Umeweka kanuni kwamba umri uwe kati ya 0 na 120. Andika 340, unakataliwa. Nakili 340 kutoka kisanduku kingine ubandike, inapita bila hodi, na kanuni yenyewe inafutika. Mlinzi gani huyu, anayemkagua mwenye miguu na kumwachia aliyebebwa? Na data za hospitali nyingi husafiri hivyo hivyo, kwa kubandikwa kutoka faili hadi faili.

Hapo utani uishe. Mwaka 2020, Uingereza iliacha karibu wagonjwa 16,000 wa korona nje ya ripoti kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel halipiti mistari 65,536. Hao walikuwa watu, na waliokaa nao karibu walichelewa kuonywa.

Turudi Kampala: kuna rejesta ya saratani tangu 1951, kabla ya kompyuta kufika. Programu za rejesta kama CanReg hushtuka zikiona mwanamume ameandikiwa saratani ya shingo ya kizazi. Excel hupokea tu, mpaka uifundishe kila kosa. Wakuu wa idara, wapeni makarani hifadhidata ya kweli na mafunzo ya kuitumia. Excel ibaki kujumlisha.