Kadi Imemezwa

"Dada, imeshameza hiyo," mlinzi wa benki aliniambia jana, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni. Na foleni ya mwisho wa mwezi mnaijua. Noti nimeshazikunja, nimeshageuka, mara nyuma yangu tii-tii-tii. Kurudi mbio, nakuta kadi yangu ndiyo inamalizikia ndani. Kaka mmoja akasema, "Wasomi hao!" Kicheko mpaka barabarani.

Cheko sina ugomvi nalo, ila limeelekezwa kubaya. Mwaka 1997 wanasaikolojia Michael Byrne na Susan Bovair waliandika juu ya makosa ya aina hii hasa, yanayokuja baada ya shughuli kuisha. Kilichonitoa nyumbani ni pesa. Haja hiyo ndiyo inayozishikilia hatua zote kichwani: kadi, namba ya siri, kiasi. Pesa zikitoka, haja imekwisha, na hatua iliyobaki haina tena wa kuikumbusha. Kichwa kikiwa kimejaa ndiyo balaa zaidi, na changu kilikuwa na ada, kodi ya nyumba, na bwana mmoja aliyenihemea kisogoni.

Dawa inajulikana zamani: mashine irudishe kadi kwanza, pesa baadaye. Hakuna anayeondoka bila pesa! ATM nyingi ndivyo zinavyofanya; hii ya mtaani kwetu bado. Hata ile ya Barclays iliyozinduliwa Enfield, London, Juni 1967, ilikuwa na nafuu: ulitumbukiza hati ya karatasi, ikabaki nayo moja kwa moja. Cha kusahau kiko wapi?

Nimewahi pia kuacha cheti cha kuzaliwa kwenye mashine ya fotokopi. Ugonjwa ni ule ule.

Ila utani unaniishia kwenye makato. Mpangilio wa hatua ni wa benki, kadi mpya nalipia mimi. Na mimi nina nafuu, naishi jirani; ndani ya benki, pembeni yangu alikaa mzee wa pensheni, naye kamezewa, nauli ya kurudi kwao iko kwenye akaunti asiyoweza kuifungua, anaambiwa, "Baba, njoo Jumatatu."

Nikapewa fomu. Sababu ya kuomba kadi mpya: imeibwa, imepotea, imeharibika, uzembe wa mteja. Nikachora kisanduku cha tano kwa kalamu yangu, nikaandika: uzembe wa mashine. Binti wa kaunta akaisoma, akaichana, akanipa nyingine.