Mvua ya Ubaoni

Mwulize mtoto wa sekondari pale Alupe, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, jinsi ng'ombe wa maziwa wanavyofugwa Denmaki, atakujibu bila kupepesa macho. Ngano ya Kanada anaijua hadi baridi yake. Uvuvi wa Japani, ng'ombe wa nyama wa Ajentina, vyote vimo daftarini, na ramani kazipaka rangi zikapakika. Hongera zake.

Sasa mwulize kwa nini malori ya mpakani Malaba yamelala barabarani tangu jana, madereva wakichemsha chai kando ya matela. Kimya. Hiyo si mada, bwana, hiyo ni foleni.

Mtihani wa jiografia nao una swali la utafiti wa nyanjani, na shule ina bajeti ya chaki tu. Basi darasa huenda nyanjani likiwa limekaa: malengo, dodoso, matatizo tuliyokumbana nayo, pamoja na mvua iliyotunyeshea, vyote hunakiliwa ubaoni. Hakuna aliyewahi kupata mafua kwa mvua hiyo. Mpaka wenyewe uko palepale, nauli ya bodaboda.

Jioni nyanya ya mtoto yuleyule anamtuma ndizi Busia ya pili, ile ya Uganda. Huko nako ni kwa wajomba: hadi 1902 pande zote mbili zilikuwa Uganda, kisha Waingereza wakausogeza mstari bila kuwauliza wenyeji Wateso. Mtoto anapita njia ya panya, anabadilisha shilingi kichwani, anapunguziwa bei, anarudi na chenji kamili.

Kisha anawasha taa, anafungua daftari: "Taja faida tatu za biashara ya kimataifa." Anakuna kichwa. Hata moja haiji.