Mkono Uliokaza Kifuniko

Singida si nchi ya matufaha. Tufaha linalofika sokoni huku limesafiri kutoka mbali, na bei yake inashauri lipelekwe kwa mgonjwa aliyelazwa, si likamuliwe. Kwa hiyo anayetamani kuchachusha juisi ya tufaha kama wafanyavyo Waingereza hana budi kugeukia kilichopo, yaani asali ya Manyoni na Itigi, na kinywaji chake ni wanzuki. Kanuni haibadiliki: maji yenye sukari, chachu na subira, ingawa wanagenzi wengi huanza na viwili vya kwanza tu. Ninachodai ni kwamba lawama nyingi wanazobebeshwa asali na hamira ni za kuonewa. Mkosaji ni mkono uliokaza kifuniko cha dumu.

Hesabu yenyewe inanitetea. Chachu inapokula sukari hutoa kilevi na hewa ukaa, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, hivyo kilo moja ikichachuka yote hutoa hewa inayokaribia lita 200. Tia kilo tano kwenye dumu la lita 20, jaza maji hadi shingoni, kaza kifuniko kwa moyo mmoja, kisha nenda ukalale. Lita elfu moja za hewa zinaanza kutafuta pa kukaa. Dumu linavimba mashavu, kisha tumbo, na usiku wa manane linasema lililo moyoni. Mwenye nyumba hutoka na panga kumtafuta mwizi, akakuta dari imelowa na sisimizi wameshaitisha kikao, huku jirani aliyeambiwa kwamba mle mnahifadhiwa mafuta ya alizeti akiwa ameshajua la kujua. Wapo pia wanaomwaga hamira kwenye asali iliyotoka kuchemka, wakaiua palepale. Hao wamekosea, nakubali, ila angalau dari yao hubaki kavu.

Mtanijibu kwamba dumu lililoachwa wazi huzaa siki. Kweli kabisa: bakteria wa siki huhitaji oksijeni, na wale nzi wadogo wa matunda huwaleta bila nauli. Lakini kati ya kukaza na kuacha wazi pana nafasi ya kutosha mtu mwenye akili. Mpira mwembamba uliotoka kifunikoni na kuzama kwenye chupa ya maji huruhusu hewa kutoka bila kuingia, na asiye na mpira alegeze kifuniko tu. Mwingine atauliza mbona bia ya dukani imezibwa hadi itafutiwe opena. Hiyo ilizibwa baada ya chachu kumaliza kazi, wala haikuwahi kufungiwa chumbani na sukari kilo tano. Anayenikumbusha kwamba wazee hawakuwa na mipira wala chupa ndiye anayenisaidia zaidi, maana kibuyu hakina nyuzi za kukazia. Hata Wakikuyu, wanaochachusha muratina kwa tunda kavu la mwegea, walijifunza ufundi huo kabla dumu la plastiki halijazaliwa.

Ushahidi mwingine uko kwenye asali ya nyuki wadogo, ambayo haihitaji hata kuchokozwa. Ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, na mara nyingi huchachuka yenyewe ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Mteja akiifungua ikamfokea, humrudia muuzaji akidai ametiliwa maji. Maji ni ya nyuki. Muuzaji alikaza kifuniko tu. Kwa wanzuki, mapovu yakishakoma kabisa ndipo kifuniko kinapopata kazi halali. Bahati mbaya, kufikia siku hiyo wageni huwa wameonja mara nyingi mno kuthibitisha kama imeiva, na dumu halina tena cha kufunikiwa.