Kitambaa Kilichokwenda Msikitini

Baba mkwe wangu amekivaa. Kitambaa cha meza, duara la uzi mweupe nililolifuma kwa vidole vyangu ili likae katikati ya meza mpya ya kioo ya mama mkwe, hivi sasa kiko kichwani mwa mzee mmoja wa Tanga, na mzee mwenyewe amesema hakivui.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Tumeshasalimiana, shikamoo zimeitikiwa, chai ya tangawizi imemiminwa, nikatoa zawadi yangu kwenye mfuko. Mama mkwe akakipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakitandika mezani. Hakikutandikika. Kati kilituna, kingo zikashika kioo, na pale palipotakiwa pambo pakaota kichuguu. Mama, ambaye ni mtu wa adabu, akakilaza kwa kiganja. Kikalala. Akaondoa kiganja, kikaamka. Akaweka sahani ya visheti juu yake. Sahani ikainama upande mmoja, visheti vikabingirika mpaka kwenye zulia. Hapo sote tukanyamaza, isipokuwa wifi yangu, ambaye Mungu hakumjalia kipaji hicho.

"Wifi," akasema, "si ungetuambia mapema kwamba ni ya baba?"

Akakinyanyua, akavuka sebule, akakiweka kichwani mwa baba mkwe aliyekuwa anasikiliza redio. Kikamkaa. Hakikumbana wala hakikumpwaya. Mzee akajipapasa, akaenda kujitazama kwenye kioo cha kabati, akarudi amenyooka mgongo. "Ahsante sana, mwanangu," akaniambia. "Zile za dukani zinaniachia alama kwenye paji." Alasiri ikaadhiniwa, akatoka. Nikabaki dirishani nikimtazama akivuka barabara na pambo la meza kichwani, akiitikia salamu za watu. Mume wangu, mtu pekee mle ndani mwenye wajibu wa kunitetea, alikuwa anapiga picha. Magharibi haijaingia, ukoo mzima ulikuwa umeshaiona, na shangazi mmoja wa Maskati akauliza kama natengeneza na za watoto.

Watu wanaocheka vitambaa hawajui kwamba kitambaa cha duara ni hesabu tupu. Cha mraba hata mwenye usingizi anakifuma: unakwenda, unafika mwisho, unageuza, unarudi. Duara halina mwisho wa kugeuzia. Unaanza na cheni fupi, unaifunga iwe pete, kisha ndani ya pete hiyo unafuma nguzo 12. Nguzo ni kile kishono kirefu, ambacho uzi unauzungusha kwenye sindano kwanza kabla ya kuichomeka tunduni. Duru ya pili lazima iwe na nguzo 24. Ya tatu 36. Ya nne 48. Kila duru unaongeza 12, na ukiuliza kwa nini isiwe 10 au 15, mabibi waliotufundisha watakwambia ndivyo ilivyo, kaa ufume.

Sababu ipo, nayo ni ile pai tuliyokaririshwa darasani, 22/7, bila mtu kutuambia inatusaidia nini nyumbani. Mzingo wa duara ni nusu kipenyo mara mbili mara pai, yaani nusu kipenyo mara 6.28 hivi. Kila duru unayofuma inarefusha nusu kipenyo kwa kimo cha kishono kimoja, kwa hiyo ukingo nao unadai urefushwe kwa vimo sita na ushee. Ukifuma kwa vishono vifupi, ambavyo kimo na upana wake vinakaribiana, unaongeza sita. Nguzo ina kimo cha karibu mara mbili ya upana wake, basi inadai 12. Usiku nilioling'amua jambo hilo, sindano mkononi, nilimwamsha mume wangu. Akauliza mwizi ameingilia wapi.

Ukiongeza pungufu, ukingo unakuwa mfupi kuliko nafasi unayotakiwa kuizunguka. Unavuta, unakaza, na duara linajikunja kuwa bakuli. Kofia za kufuma zinategemea jambo hilohilo: unaongeza mpaka upate upana wa utosi, kisha unaacha kuongeza, kuta zinashuka zenyewe. Ukiongeza kupita kiasi, ukingo unakuwa mrefu mno, unajaa mawimbi yasiyonyooka hata upige pasi mpaka asubuhi.

Na hapo ndipo dunia inapoonyesha upendeleo. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alichukua sindano ya kroshia akayafuma hayo mawimbi makusudi. Wanahisabati walikuwa wameshalieleza kwa maandishi tangu karne ya 19 umbo linalojipinda namna hiyo kila mahali, lakini mifano ya karatasi waliyowaonyesha wanafunzi ilikuwa inachanika ovyo. Yeye akaongeza vishono kwa uwiano uleule mstari baada ya mstari, na umbo likatokea, la kushikika, la kukunjika, la kutia kwenye mkoba. Ameliandikia kitabu, kazi zake zimewekwa kwenye maonyesho. Yeye kitambaa chake kilikataa kulala akapewa heshima. Changu kilikataa kulala nikapewa wifi.

Sasa mtauliza, kama nazijua hesabu zote hizo, kitambaa kilitunaje? Hesabu yangu ilikuwa sawa. Niliongeza 12 kila duru, na mwenye shaka aende akahesabu, akiweza kumvua mzee. Kilichobadilika ni mkono. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kidole hicho ndicho breki. Ukiwa umetulia breki inalegea, kishono kinatoka kipana. Ukiwa na hasira kidole kinakaza, kishono kinasinyaa, na duru nzima inafupika bila wewe kupunguza hata nguzo moja. Duru za ndani nilizifuma Dar es Salaam, watoto wamelala, roho kunjufu. Duru za nje, zile zinazoamua kama kitu ni kitambaa au ni kofia, nilizifuma simu ikiwa begani, namsikiliza wifi akinieleza kasoro za pilau langu la Idi. Kasoro zilikuwa nyingi. Nikaitikia "eeh, wifi", nikaitikia "kweli, wifi", nikakaza. Yaani kofia ile tumeifuma wawili, na mwenzangu ndiye aliyesimama katikati ya sebule akacheka.

Usiku wa kuamkia safari nilikiona kinatuna, nikakipiga wanga. Huo nao una elimu yake. Wanga wa muhogo ukiukoroga kwenye maji ya baridi haufanyi lolote, unazama chini na kukaa. Upashe moto: chembe zake zinafyonza maji, zinavimba, zinapasuka, na maji yanageuka uji mwepesi unaong'aa. Kitambaa unakizamisha humo, unakikamua, unakitandaza, na kikikauka kila uzi umeshikamana na jirani yake. Ndiyo siri ya vile vitambaa vya bibi vyenye kingo zilizosimama wima kuzunguka chombo cha maua. Ila wanga hauna maoni yake, unagandisha umbo unalolikuta. Kitambaa unatakiwa ukivute kwa nguvu, ukibane kwa pini pande zote, ukiache hivyo mpaka kikauke. Nilikivuta, nilikibana. Alfajiri nikazikuta pini zangu zote kwenye ramani ya Afrika ya mwanangu, kazi ya shule, kila mji mkuu na pini yake, na kitambaa kimekauka kilivyopenda chenyewe. Basi la Tanga halimsubiri mtu.

Wifi anasema vitambaa hivi ni mambo ya kizamani, na kwa hilo simbishii, maana uzamani wake unafurahisha. Uingereza ya karne ya 19 wanaume walijipaka nyweleni mafuta yaliyopewa jina la Makassar, bandari ya Indonesia, na kila walipoegemea waliacha doa kwenye kiti. Wenye nyumba wakatafuta vitambaa vya kufunika migongo ya viti, vinavyovulika vikafuliwa. Mtindo wa mafuta ukapita, vitambaa vikabaki. Sisi tukavikuta kwenye madarasa ya sayansi kimu, tukaviwekea mafuta yetu ya nazi, na leo vimefunika mpaka vitu visivyo na hata unywele mmoja: redio, friji, ndoo ya maji ya kunywa. Mama mkwe amekivisha kimoja kile kidude cha kubadilishia chaneli za televisheni. Huyo ndiye mtu aliyekosa kitambaa cha meza.

Mengine yaliyonipata ni madogo. Sweta ya kumpokelea mtoto mchanga ilikamilika alipoanza darasa la kwanza. Batiki niliyojaribu uani ilishika rangi vizuri sana, hasa kwenye kanzu ya mume wangu iliyokuwa imeanikwa jirani. Sabuni niliyopika inadumu, mradi usiitie maji. Shanga za kandambili zilikatika ndani ya daladala, abiria wakanisaidia kuziokota, nyingine nadhani bado zinakwenda Mbagala na kurudi.

Hayo yote nayacheka. Lisilonichekesha ni la jirani yangu, aliyegonga mlango Jumatatu. Picha ilikuwa imemfikia. "Kumbe shoga yangu fundi! Basi nifumie vya makochi, seti nzima." Seti nzima ni kochi la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, migongo na mikono yote, pamoja na meza. Nikamtajia bei. Akanitazama kama niliyemdai mahari. "He! Lakini si unafuma tu umekaa?"

Umekaa tu. Fundi cherehani naye amekaa, tena kwenye kiti chenye mto, na hakuna anayemwambia ashone kwa shukrani. Pengine ni kwa sababu cherehani inapiga kelele, mtu anasikia kazi ikifanyika. Kufuma hakuna sauti. Kunafanyika mtoto akiwa mapajani, sufuria jikoni, mgeni barazani, kwa hiyo kunahesabiwa pamoja na kupumua. Uzi wenyewe ni pamba. Pamba inalimwa Shinyanga, inalimwa Simiyu, sehemu kubwa ya inayovunwa nchini inavuka bahari kabla haijasokotwa, na sisi tunakwenda Kariakoo kununua uzi ulioviringishwa kwingine. Kila anayeigusa njiani analipwa, hata kama ni kidogo: mkulima, kiwanda cha kuchambua, meli, mwenye duka. Zamu ikifika kwenye vidole vyangu, malipo yanageuka kuwa "hongera". Wapo watu wazima leo, na tai shingoni, waliolipiwa karo kwa fedha za vitambaa vya mezani, na ukiangalia fomu zao za shule, mbele ya neno kazi, mama zao wameandikwa mama wa nyumbani. Aliyeandika fomu hakudanganya. Aliona mama amekaa tu.

"Basi tusigombane," jirani akasema. "Nitanunua vya mashine, bei rahisi."

Nikamweleza, nikiwa nimesimama, asije akapata la kusema. Mashine ya kufuma masweta inashika vitanzi vingi kwa mpigo, kila kitanzi na sindano yake, inavisukuma vyote kwa safu. Kroshia haiendi hivyo. Kitanzi kimoja kinafungwa kabla cha pili hakijafunguliwa, na sindano inaingia popote mfumaji anapotaka, juu, pembeni, nyuma, duru mbili chini. Viwanda vya nguo havina mashine ya kazi hiyo. Vile unavyoviona madukani vimefumwa kwa mitambo mingine kwa kuiga sura tu, ukikata uzi mmoja utajua. Na ukikuta cha kroshia kweli kinauzwa bei ya karanga, ujue kuna mwanamke mahali fulani, Asia au mtaa wa pili, ambaye naye aliambiwa amekaa tu.

Jirani akanisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni. Akasema ameelewa, na kwamba akienda Kariakoo ataulizia hiyo mashine ni kiasi gani. Nimemwomba akiipata anichukulie na mimi moja.