Mfanyakazi Hewa Aitwaye Maulizo

Mhasibu wa ofisi moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam alikuwa akipitia ankara ya Microsoft 365, kalamu nyekundu mkononi. Wafanyakazi wako sita. Leseni zilikuwa saba.

"Maulizo ni nani?"

Kimya. Katika nchi iliyosaka wafanyakazi hewa mwaka 2016 hadi kwenye zahanati za vijijini, jina lisilo na mtu ni kesi tayari. Daftari la mahudhurio halikuwa na saini yake hata moja. Namba ya NSSF hana. Ila barua za wateja anajibu, tena wakati mwingine usiku wa manane.

Kijana wa kompyuta akaitwa. "Mama, huyo si mtu. Ni sanduku la barua pepe la pamoja, nyote mnalifungua." Kisha akatoa lililomuuma mama zaidi: sanduku la namna hiyo halidai leseni maadamu halijavuka GB 50. Aliyelianzisha alilisajili kama mtu, likalipiwa kama mtu.

Likageuzwa kuwa la pamoja, leseni ikaondolewa. (Kwa mpangilio huo huo: anayeanza kwa kuondoa leseni, siku 30 baadaye hana barua.) Mama, akiwa ameshaonja utamu, akaja na hoja: basi wote tuingilie kwa Maulizo, tufute na hizo sita! Kijana akakuna kichwa. Msamaha ni wa sanduku tu; kila anayelifungua sharti awe na leseni yake.

Miezi ikapita. Sasa, kontena moja la forodha huja na rundo la nyaraka zilizoskaniwa, na watu wa ofisi hii wakijibizana huambatanisha zote upya. Ijumaa moja Maulizo akagoma: anapokea, hatumi. Wakafuta barua mchana kutwa bila kupata nafasi, maana kila kilichofutwa kilihamia folda ya vilivyofutwa, humo humo ndani. Wiki iliyofuata hata kupokea akakataa, wateja wakawa wanarudishiwa barua zao.

Wasafishe na folda ile, kijana akashauri, au wanunue leseni ya Exchange Online Plan 2 wafike GB 100. Mzee mwenye ofisi, kontena lake likihesabiwa storeji bandarini, hakutaka habari za kufagia.

"Mlipieni!"

Mama akaichukua ankara na kalamu yake nyekundu. Pembeni mwa jina la Maulizo akaandika: amerejeshwa kazini.