Mkono Nyuma, Macho Mbele

Jioni ya Agosti 21, 2008, kwenye mbio za kupokezana vijiti za Olimpiki ya Beijing, Wamarekani walidondosha vijiti viwili. Wanaume walitangulia: Darvis Patton akamfikia Tyson Gay, Gay akafumba kiganja, ndani hamna kitu. Haikupita saa moja, wanawake nao wakaingia kwenye mchujo wao, na Torri Edwards na Lauryn Williams wakafanya yaleyale. Williams alirudi, akakiokota kijiti na kumaliza mbio wenzake wakiwa wameshafika, kama mtoto aliyetumwa sukari akakuta duka limefungwa, lakini kwao harudi mikono mitupu.

Kijiti chenyewe ni bomba jepesi lisilozidi sentimita 30. Mtoto wa chekechea analibeba.

Kasheshe iko kwa anayepokea. Katika mita 100 mara nne hageuki nyuma. Mwenzake akifika kwenye alama ya teepu iliyobandikwa chini, yeye anachomoka, na akisikia sauti ananyoosha mkono nyuma na kumwachia Mungu. Akichelewa kuondoka, wanavaana. Akiwahi, mwenye kijiti anabaki kuufukuza mgongo. Na yote yaishe ndani ya ukanda wa mita 30, ambao zamani ulikuwa wa mita 20. Waliongezewa kumi zima, na bado Paris 2024 Christian Coleman na Kenny Bednarek walihangaishana humo mpaka timu ikaenguliwa.

Kwenye viwanja vya shule za msingi mambo huwa wazi zaidi. Kijiti ni kipande cha tawi la mpera, na mpokeaji, akimwona rafiki yake anakuja amechoka, huruma inamshika: anamfuata kule kule aliko! Mwalimu wa michezo anapiga kelele “Geuka!”, anageuka yule mwenye kijiti.

Wajapani waliliangalia suala hili kwa akili ya fundi. Rio 2016 walipeleka vijana wanne ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na muda rasmi wa chini ya sekunde 10 katika mita 100. Walichokuwa nacho ni mazoezi ya kupeana kijiti kwa mkono wa chini, kinaingia kiganjani kikitokea kiunoni. Wakapata fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika ya Usain Bolt. Wamarekani walifika wa tatu, wakajitanda bendera, wakaanza kuzunguka uwanja. Ndipo wakaambiwa kwamba Justin Gatlin alikipokea kijiti kabla ya ukanda kuanza. Shaba ikaenda Kanada.

Na Williams? Alikuwa ameshapishana na mwenzake Marion Jones katika kupeana kijiti kwenye fainali ya Athens 2004, kabla ya balaa la Beijing. London 2012 alikimbia mchujo, kijiti kikafika salama, akapata dhahabu pamoja na wenzake. Kisha akahamia kwenye barafu, na Sochi 2014 akashinda fedha ya sleji ya watu wawili. Huko kazi yake ilikuwa kusukuma, kuruka ndani na kuinama.