Mwacheni Mpiga Solo Amalize

Kuna kituo kimoja cha redio hapa mjini, jina nakihifadhia, ambacho kila Jumapili hutuahidi saa mbili za zilipendwa. Nami sikosi. Nawafukuza wajukuu sebuleni, naagiza chai, naegemea kiti. Mtangazaji anakohoa, anacheka na mwenzake, kisha anapiga wimbo wa mwaka 2006. Jamani, 2006! Mwaka huo kipara nilikuwa nacho tayari na kitindamimba wangu yuko sekondari. Kama hiyo ni zilipendwa, basi mimi nipelekwe makumbusho.

Ukibahatika kupigiwa dansi lenyewe, ndipo hasira zinapopanda hasa. Kila aliyewahi kukaa kwenye kumbi za bendi kama NUTA Jazz au Mlimani Park anajua kwamba wimbo huanza kwa kubembelezana. Waimbaji wanatoa kisa chao taratibu, mtu anamalizia kinywaji. Halafu linakuja chemko: magitaa yanafunguliwa, tarumbeta zinajibizana, na wazee wenye miguu mibovu wanaonekana katikati ya ukumbi. Mtangazaji wa leo anakata papo hapo, ili atusomee tangazo la mkopo wa haraka. Ni kama kumenyewa chungwa ukaambiwa harufu inatosha.

Santuri ndogo za zamani zilibeba dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo "Shida" ya mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, na ukitaka uhondo wa gitaa sharti uigeuze. Tuliigeuza! Leo mashine inageuza yenyewe, na bado mtu hana subira.

Sisemi Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa pepo. Ile foleni ya salamu ilinizeesha. Kadi moja inasalimu ukoo mzima, mabalozi wa nyumba kumi na "wote wanaonifahamu", na huku betri tulizozianika juani tangu asubuhi zinakata roho. Hizo betri zenyewe mzee alizilinda kwa ajili ya taarifa ya habari. Muziki ulikuwa wizi mtupu. Na kabla vituo binafsi havijaanza miaka ya 1990, usipoipenda redio hiyo ulibaki kuhangaika na mawimbi ya Nairobi. Lakini wale watangazaji walikuwa na adabu moja: walisalimu kwanza, wimbo ukafuata. Hawakusalimu juu ya gitaa la mtu.

Majuzi kijana mmoja, baada ya kumkata Mbaraka katikati ya solo, alimtakia kila la heri katika kazi zake zijazo. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya, Januari 1979. Nikanyanyua simu niwapigie. Mke wangu akaichukua. "Baba Rehema, presha yako."

Sasa nawaandikia, maana kuandika hakupandishi presha. Wanangu watangazaji, matangazo someni, maana nanyi mna watoto wa kulisha. Vicheko chekeni. Wimbo wa 2006 nao utafutieni kipindi chake, wenyewe wapo na wataufurahia. Ila gitaa la solo likiingia, zimeni maikrofoni mpaka litoke.